Wall Street, Margin Call, The Big Short au The Wolf of Wall Street: chama chako kitazame ipi?

Viongozi wa vyama vya akiba na mikopo hapa Kampala huniuliza swali lile lile kila inapokaribia jioni ya wanachama: tuweke filamu gani inayozungumzia tamaa ya pesa bila kugeuka mahubiri? Yanayotajwa sana ni majina manne: Wall Street ya mwaka 1987, Margin Call ya 2011, The Wolf of Wall Street ya 2013 na The Big Short ya 2015. Zote zinatoka katika ulimwengu mmoja wa madalali wa hisa na mabenki ya uwekezaji ya Marekani, na zote zimeigizwa vizuri. Lakini hazimfikishi mtazamaji mahali pamoja. Nimeona chumba kizima kikimshangilia tapeli kwa sababu aliyechagua filamu aliangalia jina la mwigizaji tu.

Na mada yenyewe si ya mbali na sisi. Mwaka 1998 na 1999 International Credit Bank, Greenland Bank na Cooperative Bank zilifungwa moja baada ya nyingine. Crane Bank ilichukuliwa na Benki Kuu ya Uganda tarehe 20 Oktoba 2016, na Januari 2017 ikahamishiwa kwa benki ya dfcu. Baadaye kamati ya Bunge ikakaa kuchunguza jinsi benki saba zilivyofungwa, na nchi nzima ikafuatilia maswali yale. Mwaka 2019 watu kwa maelfu walipeleka pesa zao kwa kampuni ya Dunamiscoins wakiahidiwa faida kubwa ya haraka, na kabla ya mwaka kwisha ofisi zilikuwa zimefungwa. Kwa hiyo ukikusanya watu arobaini wenye daftari la akiba, ujue wapo waliokuja na kidonda. Chagua filamu kwa kuangalia swali ambalo watu wako wanalo juu ya pesa iliyopotea.

Nitazilinganisha kwa mambo manne. Kwanza, filamu inakuketisha upande wa nani. Pili, unahitaji kujua nini kuhusu fedha ili usipotee njiani. Tatu, aliyepoteza pesa anaonekana wapi, kama anaonekana. Nne, chumba chenyewe: nani yumo, lugha gani inaeleweka, muda ni kiasi gani. Jambo la tatu ndilo nitakalokaa nalo zaidi, kwa sababu ndilo watu hulisahau.

Unaketishwa upande wa nani

Wall Street, iliyoongozwa na Oliver Stone ambaye baba yake alikuwa dalali wa hisa, inakutembeza na Bud Fox, dalali kijana anayeigizwa na Charlie Sheen. Bud anamhusudu Gordon Gekko, tajiri anayenunua kampuni, anazivunja vipande na kuziuza. Michael Douglas alipata Oscar ya mwigizaji bora kwa nafasi hiyo. Upande wa pili yupo baba yake Bud, anayeigizwa na Martin Sheen, baba mzazi wa Charlie hasa. Huyu ni fundi wa ndege na kiongozi wa chama cha wafanyakazi katika shirika la Bluestar. Siri ya kwanza ambayo Bud anaitumia kujipendekeza kwa Gekko ameisikia kwa baba yake, katika maongezi ya kawaida. Hapo ndipo ilipo nguvu ya filamu hii. Kijana haanzi kwa kuvunja kasha la pesa, anaanza kwa neno moja alilolisikia kwa mtu anayemwamini. Mweka hazina yeyote aliyewahi "kuazima kidogo hadi Ijumaa" atakaa vibaya kwenye kiti.

Margin Call ni kitu kingine kabisa. J.C. Chandor, ambaye naye baba yake alifanya kazi miaka mingi katika benki ya uwekezaji ya Merrill Lynch, anatufungia ndani ya kampuni moja kwa muda wa siku moja na kidogo. Mchana watu wanafukuzwa kazi. Mmoja wao, Eric Dale, mtu wa kupima hatari za kampuni, anamkabidhi kijana Peter Sullivan flashi ya kompyuta yenye kazi yake mlangoni mwa lifti na kumwambia awe mwangalifu. Usiku Peter anamalizia hesabu. Jibu lake: mali walizozishika zikishuka thamani kwa asilimia 25 tu, hasara itazidi thamani ya kampuni nzima. Kabla ya mapambazuko mkurugenzi mkuu, John Tuld, anafika kwa helikopta, na watu waliovaa vizuri wanaketi kuamua kama asubuhi wawauzie wateja wao kitu ambacho wao wenyewe wanajua hakina thamani.

Filamu hii haikupi mtu wa kumshangilia. Sam Rogers, mkuu wa wauzaji anayeigizwa na Kevin Spacey, anasema wazi kwamba jambo hili ni baya na kwamba hakuna mteja atakayewaamini tena. Kisha analifanya. Anapoulizwa, anajibu kwamba anahitaji pesa. Nimeitazama sehemu ile mara nyingi na bado inanikaba, kwa sababu Sam si mtu mbaya, na ana mshahara ambao wengi wetu hatutauona maishani.

The Big Short ya Adam McKay, iliyotokana na kitabu cha Michael Lewis, inakuweka upande wa walioona mapema. Michael Burry, daktari aliyegeuka msimamizi wa fedha za wawekezaji, anasoma mikopo ya nyumba mmoja mmoja na kugundua kwamba wengi hawataweza kulipa. Mark Baum, anayeigizwa na Steve Carell, anakwenda mwenyewe Florida kuhakikisha. Hawa ndio wenye haki ya hoja, lakini haki yao inawalipa pale tu watu wengine wanapopoteza nyumba. Baum analijua hilo na linamtafuna.

The Wolf of Wall Street ya Martin Scorsese inakuketisha mapajani mwa mwizi. Leonardo DiCaprio, kama Jordan Belfort, ndiye anayesimulia, ndiye anayekuchekesha, ndiye anayekuonyesha meli, magari na karamu. Huna mahali pengine pa kukaa.

Elimu ya fedha unayohitaji

Wall Street inadai kidogo. Ukijua hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni, na kwamba ni kosa kununua au kuuza kwa kutumia siri ambazo umma haujapewa, umefika. Tangu MTN Uganda ilipoingia katika soko la hisa la Kampala Desemba 2021, na watu wakanunua hisa kwa simu zao, somo hili limekuwa rahisi kulieleza.

Margin Call inaogopesha kwa maneno yake, ila yenyewe inajua. Wakubwa wenyewe hawaelewi hesabu, na Tuld anaomba aelezwe kama anavyoelezwa mtoto mdogo. Kinachobaki unaweza kukieleza kwa mfano wa duka. Mfanyabiashara wa Kikuubo ana mtaji wa shilingi milioni 1, anakopa milioni 29, ananunua mzigo wa milioni 30. Bei ikipanda kidogo ametajirika. Bei ikishuka kwa asilimia 5, amepoteza milioni moja na nusu, yaani mtaji wake umekwisha na deni limebaki. Toa mfano huu kabla ya kuwasha projekta na hakuna atakayepotea.

The Big Short ndiyo nzito. Inataka uelewe jinsi mikopo ya nyumba ilivyofungwa pamoja, ikauzwa, ikafungwa tena, na jinsi wachache walivyonunua bima inayolipa pale mikopo ya watu wengine inaposhindwa kulipwa. Inasimama katikati kukufundisha: Margot Robbie anaeleza akiwa kwenye beseni la kuogea, mpishi Anthony Bourdain anatumia samaki waliolala kwenye supu, Selena Gomez yuko kwenye meza ya kamari pamoja na mwanauchumi Richard Thaler. Kwa watazamaji wa Marekani nyuso zile zilikuwa nusu ya kazi. Kwetu, mtu asiyewajua hubaki akijiuliza huyu mwanamke ni nani badala ya kusikiliza. Simamisha, eleza, endelea.

The Wolf of Wall Street haidai chochote. Belfort anaanza kueleza jinsi alivyouza hisa za kampuni mpya, kisha anakukatiza na kusema najua hufuati, haidhuru. Ni chaguo la makusudi, na wengine hulifurahia. Mimi naona kiongozi wa chama inabidi aliweke sawa kwa dakika mbili: wananunua hisa za bei ya chini, wanazipandisha kwa maneno matamu kwenye simu, halafu wanauza zao wakati wengine wanaendelea kununua.

Aliyepoteza yuko wapi

Katika Wall Street ana sura, jina na mshahara. Ni wafanyakazi wa Bluestar. Gekko anataka kulivunja shirika, na jicho lake liko kwenye mfuko wa pensheni wa wafanyakazi. Kila mwajiriwa hapa anayekatwa asilimia 5 ya mshahara kwenda NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, na mwajiri akiongeza asilimia 10, ataelewa mara moja kwa nini mzee Fox anakasirika vile. Udhaifu wa filamu ni kwamba Gekko amepewa maneno mazuri mno. Hotuba yake kwa wanahisa, kwamba tamaa ni jambo jema, iliandikwa ili ichukize, na Douglas na Stone wamesimulia jinsi vijana walivyokuwa wakiwafuata kuwaambia kwamba waliingia biashara ya hisa kwa sababu ya Gekko. Filamu ilitoka Desemba 1987, wiki chache baada ya Oktoba 19 ambapo soko la New York lilianguka kwa zaidi ya asilimia 22 kwa siku moja, na hata hilo halikumpunguzia Gekko mvuto.

Katika Margin Call aliyepoteza ni sauti upande wa pili wa simu. Asubuhi wauzaji wanaambiwa kwamba atakayeuza asilimia 93 ya mzigo wake atapata zaidi ya dola milioni 1, na wote wanajua kwamba baada ya leo hakuna atakayewapokelea simu tena. Tunamsikia Will Emerson, aliye chini ya Sam, akizungumza na wateja kwa upole, akishusha bei saa baada ya saa. Mteja hatumwoni. Watu wengine huona hilo kama upungufu, mimi naona ndio ukweli wa jambo. Anayeamua hatima ya akiba yako hakuoni, na filamu inakufanya ukae pale asipokuona.

Kuna sehemu moja fupi ambayo ningependa kila mwanafunzi wa Makerere aitazame. Eric Dale ameketi nje ya nyumba yake, amefukuzwa, na anasimulia kwamba kabla ya kuingia kwenye fedha alikuwa mhandisi. Alijenga daraja. Anapiga hesabu kichwani ya maili ambazo watu hawakulazimika kuzunguka, mpaka anafikia zaidi ya miaka 1,500 ya maisha ya watu isiyopotea kwenye gari. Anayekumbuka foleni ya malori kwenye bwawa la Nalubaale kabla ya daraja jipya la Jinja kufunguliwa mwaka 2018 hahitaji kufafanuliwa. Dale hasemi kwamba fedha ni mbaya. Anahesabu tu, na hesabu ya kazi yake ya pili haipo.

The Big Short inamwonyesha aliyepoteza kwa ufupi, lakini inamwonyesha uso kwa uso. Huko Florida watu wa Baum wanagonga mlango, wanamkuta mpangaji mwenye familia aliyelipa kodi ya nyumba kila mwezi, kumbe mwenye nyumba hakulipa mkopo. Hakufanya kosa lolote. Baadaye vijana wawili waliocheza dau kubwa wanaanza kucheza muziki kwa furaha, na Ben Rickert, anayeigizwa na Brad Pitt, anawakemea: mkishinda, watu watapoteza nyumba, kazi na akiba za uzeeni, kwa hiyo msicheze. Kwa watu wa Dunamiscoins, au kwa mtu aliyetoa pesa mapema kwenye mchezo wa piramidi na kubaki na faida iliyotoka mfukoni mwa jirani, kemeo lile ni gumu kumeza.

Na The Wolf of Wall Street? Karibu hayupo. Unasikia sauti yake kwenye simu, akidanganywa, na ofisi nzima ikicheka. Belfort wa kweli alifungwa miezi 22 na kuamriwa alipe dola milioni 110 kwa waliodhulumiwa. Waliomkosoa Scorsese walisema amewafuta wale watu. Ninaelewa hasira yao, ila haki ya filamu nayo isemwe. Wahenga wetu walisema tamaa mbele, mauti nyuma, na tumezoea hadithi inayoishia hapo. Scorsese anakataa. Mwizi anatoka jela na kulipwa kufundisha watu kuuza, na mwishoni kamera inamwacha na kugeukia nyuso za wasikilizaji wake, wamekaza macho wakitaka kujifunza. Wakati huo huo mpelelezi wa FBI, mtu mwaminifu, anarudi nyumbani kwa treni ya kawaida pamoja na watu waliochoka. Hilo ni swali zito kuliko adhabu yoyote, lakini linamfikia tu mtazamaji aliyekaa macho mpaka dakika ya mwisho.

Jambo lingine linalostahili kujulikana: kampuni iliyogharamia filamu hii, Red Granite Pictures, ilikubali mwaka 2018 kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 60 kumaliza madai kwamba fedha zake zilichotwa kutoka 1MDB, mfuko wa umma wa Malaysia. Wananchi wa Malaysia nao wamo katika hadithi hii ya waliopoteza, ingawa hawamo kwenye picha.

Chumba, lugha na muda

Zote nne ni za watu wazima na zote zina matusi. Tofauti ni ya kiwango. Margin Call ndiyo nyepesi kwa hilo, hutaona aibu ukikaa na mkweo, mradi avumilie lugha. Wall Street ina dawa za kulevya na mapenzi kidogo. The Big Short ina sehemu inayotokea kwenye klabu ya wacheza uchi. The Wolf of Wall Street haina mpaka: ngono, kokeini, na tusi moja linalorudiwa mara zaidi ya 500. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku Januari 2014. Usiiweke kanisani, msikitini, shuleni, wala kwenye mkutano ambao wanachama wamekuja na watoto.

Muda: Margin Call ni kama dakika 107, Wall Street 126, The Big Short 130, The Wolf of Wall Street saa 3 kamili. Kwa mitaa ambayo umeme hukatika jioni, hilo si jambo dogo.

Lugha inahitaji uangalifu. Wengi wetu tumelelewa na kibanda na VJ anayetafsiri kwa Kiganda huku akiongeza chumvi yake, na watu wetu wa Busia na Arua wamezoea filamu zilizosimuliwa kwa Kiswahili. VJ mzuri anaweza kuibeba The Wolf of Wall Street, maana Belfort naye ni msimuliaji. Wall Street nayo inakubali. Margin Call inakufa mikononi mwake, kwa sababu nusu ya filamu ni ukimya: mtu anaangalia dirishani, mtu anaelewa jambo na hasemi. Iache na sauti yake, weka maandishi ya Kiingereza chini, na mtu mmoja aeleze kwa Kiswahili mnaposimama.

Uchague ipi

Kama wanachama wako ni vijana wanaoanza kazi, hasa wanaokaa karibu na kasha la pesa za watu, weka Wall Street. Wana umri wa Bud na wana baba kama wake. Simamisha mara tu baada ya hotuba ya Gekko uwaulize nani ameshawishika. Usingoje mwisho.

Kama unakaa na viongozi, yaani bodi ya chama, wahasibu, wakaguzi au mameneja wa matawi, Margin Call. Ile kamati ya usiku ndiyo kamati yao. Waulize ni dakika ipi Sam angeweza kusimama na kuondoka, na ingemgharimu nini. Mkae na jibu hata kama ni chungu. Lakini usiwape watu waliochoka na kazi ya siku nzima wanaotaka kusisimka, watalala.

Kama watu wako wamewahi kupoteza pesa benki au kwenye mradi wa udanganyifu na wanauliza "iliwezekanaje kila mtu asione?", The Big Short ndiyo inayojibu. Tenga jioni mbili, uigawe katikati. Hapo hapo wakumbushe jambo la nyumbani: mfuko wa kulinda amana wa Uganda unamlipa mteja wa benki iliyofungwa mpaka shilingi milioni 10, lakini pesa iliyopelekwa kwa kampuni isiyo na leseni ya Benki Kuu haimo kabisa.

Kama ni wanafunzi wa chuo wanaopenda kubishana, au kikundi cha wapenzi wa sinema wanaojua mambo ya kamera, The Wolf of Wall Street itawapa ubishi wa usiku kucha. Kwa aliyeibiwa hivi karibuni, hapana. Atatazama saa 3 za mtu akifurahia pesa kama zake.

Familia yenye watoto wa sekondari wakubwa: Wall Street, mzazi akiwa karibu na kitufe. Mtu anayetazama peke yake usiku, ambaye kesho yake anatakiwa kutia sahihi kitu ambacho roho yake haikitaki: Margin Call. Na kama huna uhakika na watu watakaokuja, au umeme wa mtaa wenu hautabiriki, chukua filamu mbili kwenye diski moja, Wall Street na The Big Short, kisha uamue ukishaona nani ameketi.